Jino la kupandikiza na mrija wa ukweni

Nimetoka ukweni Kirushya na mimba ambayo sina.

Juzi daktari alinipandikizia jino, akanionya: pombe hapana, kuvuta kitu kwa mrija ndiyo kabisa, kidonda kitafumuka.

Leo wakaweka chungu cha pombe katikati, kila mtu na mrija wake. Pale ukikataa mrija, umewakataa wenyewe.

Jino nimewaficha, hata mume wangu hajui. Watasema kijana wao kaoa kibogoyo!

Nikajifanya navuta. Mama mkwe akanikazia macho.

"Mwanangu, hunywi?"

"Siwezi, mama."

Vigelegele! Baba mkwe akafanya ishara ya msalaba. Mume wangu machozi yanamlengalenga.

Jamani, ningefunguaje mdomo?

Daktari alisema jino litashika baada ya miezi kadhaa.

Na wao wameshaanza kuhesabu.