Aliyeinuka Kitini

Binti wa kaka yangu alizuiwa kwenda kufanya mafunzo ya wodini kwa kosa la kumsaidia mwenzake. Nasema kosa kwa sababu ndivyo mashine ilivyoamua, na katika chuo kizima cha uuguzi hakupatikana mtu mzima hata mmoja aliyeweza kuitengua hukumu ya mashine.

Nyumbani tunamwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hajawahi kunyamaza, na jina hilo lilimfuata hadi chuoni. Baba yangu alipopooza, ni yeye na mama yake, wifi yangu, waliokuwa wakimgeuza kitandani ili asipate vidonda vya mgongo. Mama alishika mabega, mtoto akashika miguu.

"Babu, tunakugeuza sasa. Mama, tayari? Usianze kabla yangu! Haya, moja, mbili!"

Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso uliokuwa bado unamtii. "Huyu atawaua wagonjwa kwa maneno," alisema kwa ulimi mzito. Chiriku alipochaguliwa kusomea uuguzi, hakuna aliyeshangaa.

Alipokuwa mwaka wa pili, chuo kilileta mchezo wa kompyuta wa kufundisha kazi ya pamoja. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Wagonjwa huumia kwa sababu daktari hakumsikia muuguzi, au muuguzi aliogopa kuuliza. Ni afadhali makosa hayo yafanyike kwenye skrini, ambako hakuna anayezikwa. Wanafunzi wanne huketi kuizunguka meza, kila mmoja na kompyuta yake na hedifoni masikioni: mmoja daktari, mwingine muuguzi, wa tatu mfamasia, wa nne mtu wa maabara. Mgonjwa wa kuchorwa hulala katikati ya skrini, na hali yake hupanda au kushuka kadiri wanavyoelewana. Programu husikiliza wanayosema kwenye hedifoni, huangalia nani amebofya nini, kisha humpa kila mmoja alama yake ya ushirikiano. Asiyefaulu haendi wodini. Ukutani mwa chumba hicho wamechora kwa rangi ya bluu: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku ya mtihani Chiriku alikuwa muuguzi. Mgonjwa akiwa katika hali mbaya, hedifoni ya mfamasia ikazima. Mfamasia huyo alikuwa kijana mrefu ambaye wenzake walimwita Ngongoti. Akapunga mkono ng'ambo ya meza.

"Chiriku! Sisikii kitu! Dawa kiasi gani?"

Chiriku akavua hedifoni, akainuka. Akaizunguka meza, akaurudisha waya uliochomoka, huku akimtajia kiasi cha dawa kwa mdomo. Ngongoti akakirudia kwa sauti, naye akakithibitisha, kama walivyofundishwa. Akarudi kitini. Mgonjwa akapona, na wote wanne wakapiga makofi.

Kisha matokeo yakatokea. Watatu walikuwa wamefaulu. Kwake iliandikwa: "Mchezaji amemwacha mgonjwa. Hakuwasiliana. Ushirikiano: hajafaulu."

"Chiriku hakuwasiliana?" Ngongoti aliangua kicheko. "Basi hata kasuku ni bubu!"

Walicheka wote, wakidhani kwamba kitu cha kuchekesha namna ile lazima kingerekebishwa.

Niliongozana na wifi hadi kwa mkufunzi wao, mama mmoja mpole, mwenye sauti ya chini.

"Dada yangu, nilikuwa nimesimama palepale," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Siku nikilazwa, nitaomba muuguzi kama yule."

"Basi mpe alama yake," nikamwambia.

"Alama siweki mimi. Inaweka programu."

"Na programu ikikosea?"

Aliitazama mikono yake. "Hatujaambiwa twende kwa nani."

Tukaenda kwa mkuu wa taaluma, safari hii Ngongoti akiwa nasi. "Mzee, ni mimi niliyemwita," alisema. "Kama kuna aliyetoroka kazini, ni waya."

Mkuu alitabasamu. "Tunakuamini, kijana. Hakuna anayebisha. Lakini mchezo hausikii yanayosemwa nje ya hedifoni, na sisi hatuna pa kuingizia tuliyoyaona."

Watengenezaji wa mchezo nao walijibu kwa adabu kwamba programu ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Kila mlango tuliobisha ulifunguliwa. Tukapewa viti, tukaonewa huruma, tukatoka kama tulivyoingia. Mtu katili unaweza kugombana naye. Hawa wote walikuwa upande wetu, na hakuna aliyeinua kidole. Nina shahada, na kujenga hoja ndiyo kazi yangu. Siku hizo nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, na mbuzi angalau ana masikio.

Wenzake wakaenda wodini. Gauni jeupe aliloshonewa na mama yake likabaki limening'inia nyuma ya mlango, naye akarudia mwaka.

Siku ya mtihani wa pili nilikuwa kwao, nikimngoja pamoja na wifi. Aliingia, akavua viatu, akakaa.

"Umefaulu?" mama yake akauliza.

"Nimefaulu."

Wifi akamkumbatia. Nami nikauliza, "Safari hii hakuna kilichoharibika?"

"Kiliharibika, shangazi. Hedifoni ya mfamasia, ileile. Dada wa watu alinipungia mkono."

"Ukafanyaje?"

"Nilikaa. Nikawa nasema kwenye hedifoni, 'Mfamasia, unanisikia? Mfamasia, unanisikia?' Na najua hanisikii. Alikuwa karibu kulia. Mikono yangu ilitaka kunyanyuka, nikaikalia."

"Na mgonjwa?"

"Alikufa." Alikuwa akitazama viatu vyake pale mlangoni. "Lakini mimi nimepewa alama za juu kabisa za mawasiliano."

Wifi alilitoa gauni nyuma ya mlango, akaanza kulipiga pasi. Nilikaa katika nyumba ya Chiriku nikisikia pasi ikipita juu ya kitambaa, kwenda na kurudi.

Tarehe 6 Machi 2023 chuo kilibandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, na bado lipo: wakati wa mchezo wa kazi ya pamoja, ni marufuku mwanafunzi kuinuka kitini.