Joho la Mama Makhauta

Mama Makhauta hakuwa akisali, alikuwa akigombana na Mungu. "Umemchukua Tumelo, umemwacha yule mlevi wa ng'ambo ya bonde. Huko juu mnachagua kwa macho gani?" Akimaliza kumfokea Mwenyezi, hukunja mikono ya blauzi na kwenda kumwosha huyo maiti. Parokia yetu ya milimani haijawahi kuzika mtu bila yeye. Ndiye aliyeosha, ndiye aliyepika kwenye vyungu vya miguu mitatu, ndiye aliyewafukuza waombolezaji waliofuata nyama. Yatima walijazana kwake kama vifaranga. Mapadre wamekuja na kuondoka, na kila mmoja amefundishwa adabu naye.

Siku ilipotangazwa kwamba Askofu anakuja kumvisha nishani kutoka Roma, sote tulipiga vigelegele. Mwenyewe alinuna. Alichokitamani tangu ujana wake ni joho la zambarau la akina mama wa chama cha Mtakatifu Anna, na Komunyo. Vyote viwili alinyimwa kwa sababu hakufunga ndoa kanisani. Jumapili sisi wenye dhambi zetu nzito tulipanga foleni tukapokea. Yeye alibaki kwenye benchi, kisha akatoka kwenda kutupikia.

Kikwazo kilikuwa mumewe, baba wa mtoto wao Khauta, mzee Phakiso, Mprotestanti wa kurithi. Mama yake alipokuwa anakata roho, Phakiso alimwapia kwamba mguu wake hautakanyaga kanisa la Waroma. Bikizee akafa anatabasamu.

Mantsebo, mwenyekiti wa chama chetu, mwanamke mwenye kifua cha kutosha nishani zote za Roma, akatia chumvi kwenye kidonda: "Siku hiyo mbele watakaa wenye majoho. Makhauta ataitwa, atavishwa, atarudi jikoni."

Nilikasirika. Nikawakusanya wenzangu, tukaenda kwa Phakiso. Tulimkuta anamsugua farasi wake.

"Mzee, mkeo anazeeka. Anaogopa kuzikwa bila joho."

"Niliapa, mama. Mguu wangu haukanyagi."

"Hata kidogo tu?"

"Nyie Waroma viapo vyenu mnampelekea Padre anavifua. Sisi hatuna dobi."

Tulicheka, ingawa tulitaka kumchapa. Makhauta alichungulia mlangoni. "Mwacheni. Si ana farasi? Amwoe huyo."

Siku yenyewe ikafika. Misa haijaanza, tukasikia kwato mlangoni. Phakiso aliingia juu ya farasi, blanketi lake la sherehe mabegani, kofia ya nyasi kichwani, mpaka mbele ya altare. Kwaya ikapotea njia, ingawa kwa kweli kwaya yetu haijawahi kuijua.

"Baba Askofu," alisema, "mguu wangu haujakanyaga. Farasi hakuapa. Tufungishe ndoa haraka, huyu hajazoea ubani."

Mantsebo alipiga kelele kwamba nyumba ya Mungu imenajisiwa. Askofu, ambaye naye ni mtoto wa wafugaji, alimtazama farasi, kisha akamtazama Makhauta aliyetoka jikoni na mwiko.

"Bwana wetu aliingia Yerusalemu juu ya punda," akasema. "Mama, unamtaka mtu huyu?"

"Nimemzoea."

"Basi weka mwiko chini."

Wakafungishwa hivyo, mke chini, mume juu, mikono yao imeshikana ubavuni mwa farasi. Wakati wa baraka farasi akatoa sadaka yake sakafuni, nyingi kuliko yetu ya mwaka mzima.

Nilivua joho langu nikamvisha Makhauta. Alipopokea Komunyo, mwanamke huyo aliyeosha wafu wetu wote kwa macho makavu alilia mpaka kamasi. Nami nililia, sioni haya kusema. Nishani alivishwa baadaye, wala hakuiangalia.

Nje, Phakiso alikuwa bado juu ya farasi, kofia mkononi.

"Mama Khauta, kumbe ulikuwa unalitaka joho hivi? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Baba Khauta. Kila mwaka nilikuambia. Ulikuwa unamsikiliza marehemu."