Kijiko Kimoja Mara Tatu

Siku ya kwanza kazini nilipewa gauni jeupe, na nilivyojipenda! Mimi, mke wa polisi wa kambi ya Naguru, niliyeishia darasa la nne, leo naitwa mama wa kliniki. Vita vilikuwa vimeisha juzijuzi. Watoto waliletwa kwetu Kampala kutoka vijijini wamevimba miguu, nywele zimekuwa rangi ya kutu, hata nzi usoni hawawafukuzi. Utapiamlo huo. Kazi yangu ilikuwa kuwapikia kitobero: ndizi, maharage, karanga za kusaga na dagaa, vyote unavifunga ndani ya jani la mgomba, unaviivisha kwa mvuke, halafu unaviponda mpaka mtoto asiye na nguvu ya kutafuna aweze kumeza.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Msimamizi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya sajini. Aliniambia, "Unapika vizuri. Lakini hatupiki ili tusifiwe." Mimi nilitaka kusifiwa.

Mwaka wa pili nikapelekwa kijijini, nusu siku ya njia ukishapita Kawempe. Watu walikuwa wametoka kujificha na kukuta majani yameota ndani ya nyumba zao. Huko nilimkuta Kizza, mtoto wa miaka miwili, kafichwa nyuma ya pazia. Mama yake, Namusoke, aliogopa midomo ya watu. Kule mtoto akivimba husema ni obwosi, yaani mama kawahi kushika mimba nyingine, basi kosa ni lake. Mama mkwe wake, bibi mrefu mwenye ulimi wa wembe, wote walimwita Jaja, alisema mbele yangu:

"Aibu kaileta mwenyewe. Wewe utaifuta na sufuria?"

"Nitaifuta, Jaja."

Sista alikuja akabonyeza mguu wa Kizza, kidole kikaacha shimo. "Bado anameza," alisema. "Mlisheni hapa. Uvimbe usiposhuka, tumbebe mpaka Kampala. Na wewe unajua wangapi hufia njiani."

Basi nikapika mwenyewe, nikamlisha mwenyewe, kwa kijiko changu cha kupimia. Namusoke nilimkataza hata kugusa sufuria. Uvimbe ukaanza kushuka. Nikamwachia bakuli lililojaa na kile kijiko, nikamwambia kesho apike kama alivyoniona, nikaenda kijiji cha pili. Niliporudi siku ya tatu, Kizza kavimba mpaka macho.

"Ulimpa?"

"Nilimpa, nyabo, sikuruka hata mara moja! Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni."

Alimpa chakula kama dawa! Bakuli lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa vizuri, limechacha. Aliogopa kumzidishia mtoto dozi. Na angejuaje? Gauni jeupe nilivaa mimi, kijiko cha kupimia nilishika mimi.

Sista alikuja, akaona mtoto bado anameza, hakunifokea. "Vua hilo gauni," alisema. "Kesho utakaa chini. Kila mwanamke alete alicho nacho, wapike wao."

"Hawana kitu, Sista."

"Umewauliza?"

Bannange, vitu vilivyotoka! Maharage yalitoka uvunguni, yalikuwa yanangoja gari la sokoni. Zikaja karanga, na mchicha uliojiotea nyuma ya jiko, na dagaa wa mke wa askari mmoja. Chakula chote kilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka kwa mtoto anayekufa. Nilikaa chini kama mjinga.

Jaja alikuja wa mwisho, mikono mitupu, akatazama wenzake wanavyofunga jani. "Ndivyo mnavyofunga? Maji yataingia. Hebu tokeni!" Akafunga yeye. Kilipoiva akampakata Kizza.

"Vijiko vingapi?" akaniuliza.

"Mpaka akatae mwenyewe, Jaja."

Kila siku walipika kwenye ua wa mwenzao mwingine, mimi nakatakata mchicha kama wengine. Siku moja kuku akadonoa sahani ya Kizza. Yule mtoto ambaye nzi walikuwa wanamtembelea usoni akainua mkono, akampiga kuku kofi! Jaja akapiga kigelegele. "Anagombania chakula chake! Namusoke, njoo umwone mwanao!" Namusoke alikuja mbio, akaanguka magotini, analia, anacheka. Nilizaa watoto saba, lakini kitu kama kile sijaona.

Nilipelekwa vijiji vingi baadaye. Mwaka wa kustaafu nikatumwa kijiji kingine upande ule ule, nianze kufundisha upya. Nashuka garini, nakuta moshi tayari, wanawake wamezunguka majiko, na katikati Jaja, kapinda mgongo, kaalikwa na hao wa kijiji jirani.

"Vijiko vingapi?" anauliza.

"Mpaka akatae!" wanajibu wote.

Hakuna aliyenitazama. Mwishowe Jaja akaniona, hata hakunitambua baada ya miaka yote ile.

"Mgeni, mbona umesimama? Kaa, ule."

Sasa niko Kawempe, mchicha wangu naulima kwenye magunia. Wajukuu wakiniuliza kazi yangu ilifika wapi, nawaambia ilifika pale. Nilikaa chini, nikala, mpaka nikakataa mwenyewe.