Kabati Lisilo na Kasoro

Harufu ya mbao za mtiki zilizopigwa randa hunifikia kabla sijaiona karakana. Wengine huwakumbusha harusi na nyumba mpya. Mimi hunikumbusha fimbo ya baba.

Tulikaa mtaa wa Viwanja Sitini. Mama alikuwa Mpogoro wa Mahenge, na kwa kupatana bei hakuwa na mpinzani. Wauza nyanya wakimwona kwa mbali walianza kunung'unika. Baba alikuwa Msukuma, mtu wa ng'ombe na minada. Mwaka ule mama aliuza mpunga wake akaamua kununua kabati la vyombo, maana tangu aolewe vikombe vyake vilikaa ndani ya ndoo. Akanichukua mimi, Kabula, twende kwa fundi seremala.

Fundi alikuwa Mngoni, yaani mtani wake wa kikabila. Alipotaja bei, mama alishika kiuno.

"Babu zako walikuja kwetu kuiba mbuzi usiku, wewe unaniibia mchana kweupe. Punguza, la sivyo siku ukifa nitalala kaburini mwako, wasikuzike mpaka wanilipe."

"Utaenea wapi kaburini na tumbo hilo, Mpogoro?" fundi akajibu, randa mkononi.

Walitukanana hivyo huku wakicheka mpaka machozi, na kila tusi lilishusha bei, hadi kabati likatoka kwa karibu nusu ya bei. Nilitembea nyuma ya mkokoteni kwa madaha, utadhani mtoto wa tajiri.

Jioni baba aliuliza bei, na mama akaitaja kwa kujisifu. Baba hakucheka.

"Ng'ombe akishuka bei namna hii ana ugonjwa," alisema. "Ugonjwa wa hili uko wapi?"

Akaanza kulikagua kama yuko mnadani. Akafungua milango, akagonga mbao, akalala chali aone chini, akapitisha kidole kwenye kila kiungo. Mama alisimama akitabasamu, akijua hatapata kitu. Mtiki hauliwi ovyo na wadudu, na yule Mngoni alikuwa fundi kweli. Nami nilifurahi. Kumbe kila ubao mzima ulikuwa unamponza mama.

"Kabati ni zima," baba akasema, akiinuka. "Basi amekupunguzia kwa ajili ya nini?"

"Ni mtani wangu, baba Kabula. Tumetaniana tu."

"Mtani gani huyo wa kukupa nusu ya kabati?"

Pigo la kwanza la fimbo ya kuchungia lilimpata shingoni. La pili alilikinga kwa mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Nilimng'ang'ania baba mguu, akanipiga teke nikapoteza jino. Mama alikuwa sakafuni, damu inamwingia machoni, akilia: "Ni bovu, baba Kabula. Ni bovu, likague tena." Baba akachukua shoka akalipasua kabati, na vikombe ndani yake. Majirani walipomkamata alikuwa bado anapasua.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Tangu hapo mama hakuomba kupunguziwa chochote, hata fungu la dagaa. Watu walisema anaringa, nami kwa utoto wangu nikaamini, nikamwonea haya.

Nilipokaribia kuolewa tulikwenda mtaa wa Lipangalala kununua kitanda. Fundi, kijana mdogo, alitaja bei ya juu, ya kuanzia mazungumzo tu. Mama akafungua pindo la kitenge akalipa yote. Kijana mwenyewe aliona aibu.

"Mama, nilikuwa nasubiri tuongee."

"Hapana, mwanangu. Niandikie risiti, bei yote ionekane."

Akaikunja, akaitia kifuani. Nilitamani kulia, nilitamani kumpiga mtu. Mama hakuwahi kuringa hata siku moja. Alikuwa na hofu, na baba, ambaye risiti ile ilikuwa ya kumwonyesha, tulikwisha kumzika.