Miraba Saba ya Mwalimu Tarsisi

Kila Jumapili misa ikiisha, watu wa Minago, Burundi, husogea kwenye ubao mweusi wa ukumbi wa parokia kujaza chemshabongo ya mwalimu Tarsisi. Mzee huyu mstaafu alitoka na mchezo huo kambi ya wakimbizi Tanzania, alikofundisha miaka kumi na mitatu, na hana mzaha nao: anayebahatisha hunyang'anywa chaki. Hodari wake ni Joanita, karani wa zahanati, anayejaza miraba wenzake wakiwa bado wanakuna vichwa.

Wiki hii padri aliomba chemshabongo iwe ya maneno ya uovu kazini. Tarsisi aliitikia kwa moyo mzito. Ilikuwa imegundulika kwamba Revokatus, muuguzi wa zahanati, hakusomea uuguzi. Cheti chake cha kambini kilikuwa cha kughushi. Mwenyewe alikwisha kutokomea, na lawama zikamwangukia Joanita, mtunza mafaili. Jumatatu angefukuzwa kazi.

Tarsisi alimjua mwenye kosa: ni yeye mwenyewe. Muhuri wa ofisi ya masomo ya kambi alirudi nao mfukoni, akamgongea Revokatus kwa huruma, eti mkimbizi mwenzake apate pa kuanzia. Huruma gani hiyo, ya kumkabidhi sindano mtu asiyejua mshipa? Aliona haya hata kujiuliza.

Joanita alikuja macho yamevimba kwa kulia. Watu walimpisha bila kumsalimia. Alishika chaki, akajaza HONGO, akajaza UPENDELEO, akajaza UFISADI. Ikabaki moja ya kwenda chini: "Aliyegonga muhuri kwenye cheti cha Revokatus. Herufi saba."

Nyuma yake Agneta, muuza mawese, alihesabu kwa vidole, kisha akasema wazi kwamba jina Joanita lina herufi saba. Wengine waliguna. Joanita alimgeukia mzee.

"Mwalimu, jina yangu ndiyo uliweka hapa?"

Tarsisi alimwogopa binti huyo kuliko polisi. Alipokea chaki, akaandika pole pole, kwa herufi kubwa alizokuwa akifundishia darasa la kwanza: TARSISI.

"Joanita hana kosa," alisema. "Ni miye niligonga. Kesho tutaenda naye ku biro, kwa wakubwa wake wa kazi, nitasema vilevile."

Akautoa muhuri mfukoni, akampa padri. Joanita hakumshukuru. Alimnyang'anya chaki, kama wanavyonyang'anywa wanaobahatisha, akaenda nayo nyumbani.