Ua Lenye Mtoto

Mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Sindano, ameshona sare za shule miaka thelathini na minane, na mboga ya Jumamosi hajawahi kuinunua. Huichuma mwenyewe kwenye kibustani cha nyuma: maua ya maboga. Huyatoa kijiti cha katikati, akayasuuza, akayakaanga na kitunguu na mayai. Nilipoolewa hapa alinipa sharti moja, tena kwa ukali: chuma maua dume tu. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake, lina mtoto. Siku niliyosahau alinisema hadi nikatamani kurudi kwetu.

Sasa macho yake yamechoka. Mwaka huu nilianza kukuta maua jike kwenye karai lake, mawili, kisha matano. Niliyatoa kimyakimya nikayatupa nyuma ya choo, nikijiona mtu mwema kweli.

Jumamosi moja nilichelewa sokoni. Niliporudi walikuwa wanakula. Mume wangu akauma kitu kigumu, akakitoa mdomoni. Kiboga. Akakuta na cha pili.

"Mama, basi. Huoni tena. Kuanzia leo jiko na kisu mwachie mke wangu, wewe pumzika."

Hakuwa na ubaya, aliogopa mama yake asije akaungua moto. Lakini Bi Sindano, mtu asiyekosa jibu, alinawa mikono akaondoka, na roho iliniuma kuliko kama angefoka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta bustanini, macho ameyafumba kabisa. Vidole vyake vilishuka kutoka kwenye ua hadi kikonyoni, taratibu, kama anayetafuta pindo la kitambaa. Pakiwa laini anachuma. Pakiwa na uvimbe anaacha.

"Kagua," akaniambia, akinisogezea karai.

Yalikuwa ishirini na moja. Yote dume.

"Mama, hujakosea hata moja!"

"Ungeniambia, ningekuwa natumia vidole tangu zamani. Kila wiki nakuuliza, mwanangu, mboga ikoje? Unaniambia safi. Nami nikajua macho bado yapo. Jana nimekanyaga viboga nyuma ya choo. Macho yamekufa, mguu haujafa."

"Nilikuonea huruma, mama."

"Huruma yako ndiyo iliyoninyang'anya jiko."

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamwomba radhi, akaniamuru nimenye vitunguu. Mchana mume wangu alipekua kila ua kwa uma, hakukuta kitu, akaongeza chakula. Habari ya kisu hakuirudia.

Juzi Bi Sindano alikosea ua moja. Mkono wangu ulishafika kwenye karai ili nilitoe, nikaurudisha.

"Mama, hili jike."

Akalipokea, akalipapasa chini pale penye kiboga.

"Ahsante," akasema.

Miaka kumi na moja nimo ndani ya nyumba hii, na hiyo ndiyo ahsante yangu ya kwanza.