Mtunzi Kipofu na Macho ya Mama

Mama yangu alianza kupoteza macho mwaka wa pili tangu tufike Maskati. Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, yeye na mimi tu, tukapokewa na mjomba nyumbani kwake Matrah, mji wa jirani. Baba tulimwacha gerezani, na mpaka leo sijui amezikwa wapi. Kwanza mama alilalamika kwamba kila taa ina duara la rangi, halafu akawa anajigonga milangoni. Siku alipomimina chai ya moto nje ya kikombe, juu ya mkono wa mke wa mjomba, nilimpeleka hospitali ya wamisionari.

"Ni mtoto wa jicho tu," alisema njiani, amenishika bega. "Watanipasua, nami nitaona."

Wakamlaza. Wodini alikuwapo muuguzi mzee wa Kimarekani ambaye sote tulimwita Sista. Kila asubuhi, akishamaliza kufunga vidonda, alikaa kwenye kinanda chake kidogo cha kukanyaga kwa miguu, akaimba tenzi za kanisani kwao. Kitabu chake kilikuwa kimefumuka mshono. Alipojua kuwa nimesoma Kiingereza skuli, alinionesha majina ya watunzi juu ya kila utenzi, wote watu wa karne iliyopita, na habari zao alizijua kama mtu ajuavyo za majirani: huyu alizika watoto wake, yule alikuwa mlevi akatubu. Nami nikawa mkalimani wake kwa wagonjwa waliotoka Afrika, ambao Kiarabu chao kilikuwa cha kubabaisha kama chetu.

Mama hakupendezwa. "Nimekuja kutibiwa, sikuja kuimbiwa ya kanisani," alisema, akageukia ukutani na tasbihi yake.

Siku ya nne daktari alimpima tena. Aliniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba si mtoto wa jicho. Presha ya ndani ya macho imeua mishipa, hapana cha kupasua, na mwanga kidogo uliobaki utakwisha kwa miezi.

"Kasema nini?" mama aliuliza.

"Kasema tungoje dawa ifanye kazi."

Nilikuwa na miaka ishirini, na sikuwa na mtu wa kumuuliza niseme nini kingine. Kwa siku tatu nilimtafsiria uongo. Akiniuliza watampasua lini, nilimjibu wiki ijayo, kisha nikatoka uani, nikajifunika uso kwa shuka bichi lililoanikwa ili kilio changu kisisikike.

Sista hakujua kwamba nimeficha. Asubuhi moja alimaliza kuimba, akaja kukaa kitandani kwa mama, akamshika mkono.

"Mwambie," alisema, "utenzi huu umetungwa na mwanamke kipofu. Alipofuka angali mchanga. Alitunga tenzi kwa maelfu kichwani mwake, wengine wakamwandikia, wala hakuacha kumshukuru Mungu."

Nilitafsiri neno kwa neno, tena kwa raha, kwa kuwa safari hii sikuwa na la kuficha. Nilidhani ni hadithi tu.

Tasbihi ikasimama mkononi mwa mama.

"Kwa nini ananihadithia habari za kipofu?"

Nikaanza kunyoosha shuka lake.

"Mwanangu, nnakuuliza. Wagonjwa wote hawa, kwa nini mimi?"

"Mama..."

"Hawanipasui."

"Hawakupasui," nilisema.

Aliikusanya tasbihi yote kiganjani. Kisha akasema, "Mwambie huyo mtunzi wake hakukijua alichonyimwa. Mimi nimeiona Unguja. Nimemwona baba yako. Atanifariji vipi kwa mtu ambaye hakupoteza sura hata moja?"

Nalo nikalitafsiri lote. Sista akafunga kitabu. "Nisamehe," aliniambia. "Nilidhani anajua." Toka hapo hakuimba tena wodini wakati sisi tupo, na ule ukimya ukawa mzito kuliko tenzi.

Mwanga ulikwisha kabla ya Ramadhani. Mama hakunitaka tena nimtafsirie kitu, hata dukani. Alimchukua mke wa mjomba badala yangu. "Wewe unachagua maneno," aliniambia, bila hasira, na afadhali angenipiga.

Mchana mmoja aliniuliza, "Yule kipofu, alijuaje kama wamemwandikia alichosema?"

"Sijui, mama."

Hata hivyo akaniambia nilete karatasi. Alitaka kumwandikia baba. Alisema taratibu, akitafuta maneno, nami nikaandika kila neno, hata yale ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kwa mama yake. Nilipomaliza, akamwita mjomba aisome kwa sauti. Mjomba alisoma mpaka mwisho, naye akisikiliza ameinamisha kichwa.

"Haya," alisema. "Tia bahashani."

Tuliandika nyingine tano au sita, na kila moja mjomba aliisoma kabla haijafungwa. Hakuna iliyojibiwa. Mama alifariki mwaka 1969. Mchana wa mwisho nilikuwa nimekaa kando yake, mkono wake mkononi mwangu, na daktari alipotoka chumbani, mama alimgeukia mke wa mjomba, akamuuliza daktari amesema nini.